Nyumba ina rangi mpya. Umeme wake je? Dalili za kukagua kabla hujalipa

Nyumba inayouzwa huonyeshwa mchana, jua likiwaka, haina mtu ndani, na kinachotumia umeme ni taa tatu tu ambazo dalali anaziwasha na kuzizima kwa mbwembwe. Kwa hali hiyo hata wairingi iliyooza itaonekana nzima. Ubovu wa umeme hulala mpaka utwishwe mzigo, mpaka mvua inyeshe au mpaka giza liingie. Ndiyo maana nikiitwa kukagua nyumba huwa nakwenda na pasi, jagi la umeme la wati 2,000 na testa ya soketi, kisha naomba turudi tena saa mbili usiku. Dalali hununa. Mnunuzi naye huona namchelewesha, mpaka jagi lianze kuchemka na taa za sebuleni zianze kufifia.

Nimeyapanga haya kwa dalili kwa sababu mnunuzi haoni waya, anaona dalili. Kuwasha, kubonyeza, kunusa na kusoma mita unaweza kufanya mwenyewe. Kufungua soketi au boksi la breka ni kazi ya fundi mwenye leseni: Tanzania Bara leseni hizo hutolewa na EWURA, Kenya ni EPRA. Na fundi huyo umtafute wewe. Aliyeletwa na dalali anakula nyumba ikiuzwa.

## Friji, pasi au geti la chuma linakutekenya

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, na ndiyo inayochekwa zaidi. "Ni umeme mdogo tu, vaa ndala." Kinachotekenya ni umeme uliovuja kwenye bodi ya kifaa ukakosa pa kwenda. Waya wa ethi kazi yake ni kuuchukua na kuupeleka ardhini kabla haujapita kwako. Kama unatekenywa, njia hiyo imekatika au haijawahi kuwepo. Usirudie kugusa ili uhakikishe. Dalili ikishajionyesha mara moja inatosha.

Anza nje. Karibu na mita panatakiwa pawe na waya wa kijani, au wa kijani na njano, unaoshuka mpaka kwenye ethi rodi iliyopigiliwa ardhini, mara nyingi ndani ya kishimo kidogo chenye mfuniko. Nilichokuta mahali hapo kwa miaka mingi ni hiki: waya umekatwa na watu wa chuma chakavu kwa sababu ya shaba; kishimo kimefunikwa kwa vitofali vya uani na hakuna anayekumbuka kilipo; kiungio kimeliwa na kutu ya kijani, hasa nyumba zilizo karibu na bahari; au hakuna rodi kabisa na waya umefungwa kwenye bomba la maji. Hilo la bomba lilikuwa na maana enzi za mabomba ya chuma. Siku fundi bomba alipobadilisha kipande kimoja akaweka la plastiki, ethi ya nyumba nzima iliondoka naye bila mtu kujua.

Kisha ingia ndani na testa ya soketi, ile yenye taa tatu. Ichomeke kila soketi, pamoja na ile iliyo nyuma ya kabati. Ikikuonyesha hakuna ethi, amini. Ikikuonyesha ethi ipo, usiamini moja kwa moja, kwa maana kuna ujanja wa kuidanganya. Fundi aliyekuta soketi haina waya wa ethi huchukua kipande kifupi cha waya, akaunganisha tundu la nyutro (waya unaorudisha umeme) na tundu la ethi humo humo ndani ya soketi. Testa inafurahi. Siku nyutro ikilegea kabla ya kufika kwenye soketi hiyo, bodi ya friji inakuwa na umeme kamili wa volti 230, na mtoto anakwenda kuchukua maji ya baridi. Njia ya kuugundua ni fundi wako kuzima meni swichi, kufungua soketi mbili tatu na kuhesabu nyaya zinazotoka ukutani. Zikiwa mbili tu na testa ilisema ethi ipo, umeshampata.

Tuseme rodi ipo na waya umefika. Bado kuna swali la udongo. Mchanga mkavu wa Kigamboni, Dar es Salaam, hauchukui umeme kama mfinyanzi. Rodi moja kwenye mchanga inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100 au zaidi. Piga hesabu: volti 230 ukigawa kwa omu 100 unapata ampea 2.3. Breka ya ampea 32 inaona ampea 2.3 kama mtu aliyewasha pasi, inaendelea kulala, na bodi ya kifaa inaendelea kuwa na umeme. Ili breka hiyo iruke papo hapo ukinzani ungepaswa kuwa chini ya omu moja na nusu hivi, jambo ambalo rodi ya nyumbani haifikii. Kwa hiyo kinachokuokoa hapo ni kifaa kingine.

## Kitufe cha T hakifanyi kitu, au RCD inaruka kila mara

Kwenye boksi la breka tafuta kifaa kipana kuliko vingine, chenye kitufe kilichoandikwa T na maandishi ya 30 mA, au 0.03 A ambayo ni kitu kilekile. Hicho ni RCD. Mafundi wengi bado wanakiita ELCB. Kinalinganisha umeme unaoingia na unaorudi. Ukipungua kwa kiasi cha hizo miliampea 30, kinakata. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, bonyeza T.

Nyumba ikizimika, RCD yenyewe ni nzima. Sikusema ethi ni nzima. Kitufe kile kinajijaribu chenyewe ndani kwa ndani, hakigusi rodi. Nimeona wanunuzi wakibonyeza, nyumba ikazimika, wakashikana mikono na muuzaji, na huko nje rodi haipo.

Usipoona kitu ukibonyeza, kuna mawili. Imekufa, au imerukwa: ilikuwa inasumbua, fundi akaunganisha nyaya pembeni yake na kukiacha kiboksi kama pambo. Shusha mkono wake kabisa. Taa zikiendelea kuwaka, ni pambo. Hapo swali la kumuuliza muuzaji ni ilikuwa inasumbua nini, kwa sababu alichokimbia bado kimo ukutani.

RCD inayoruka ovyo ina namna yake ya kusakwa. Shusha breka zote ndogo, pandisha RCD, kisha pandisha breka moja baada ya nyingine. Ikiruka kwenye breka ya nne, tatizo liko njia ya nne: chomoa vifaa vyote vya njia hiyo ujaribu tena, ujue kama ni kifaa au ni waya. Ikiruka hata breka zote zikiwa chini, usishangae. Breka ndogo nyingi hukata fezi (waya unaoleta umeme) peke yake, nyutro inabaki imeunganishwa, na nyutro iliyogusa ethi mahali fulani inatosha kuirusha. Huo ni msako wa fundi mwenye mega, kifaa cha kupima kama ganda la waya linavujisha umeme.

Inayoruka mvua ikinyesha tu, anza na taa za nje na za ukuta wa uzio, soketi ya pampu, na ukuta wowote wenye alama ya unyevu. Ukinunua kiangazi hutaiona dalili hii, kwa hiyo mwambie fundi apime nyaya kwa mega ya volti 500, vifaa na taa zikiwa zimeondolewa. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Mimi nikisoma 1.2 Januari kwenye nyumba iliyofungwa na kukauka, siandiki "imefaulu". Naandika kwamba masika wataniita.

## Breka hairuki kamwe

Wauzaji hulisema hili kwa kujisifu. Breka inayoruka ilikuwa inalalamika kwamba waya umezidiwa. Fundi wa bei nafuu haongezi waya, anaongeza breka. Fundi wako alinganishe namba iliyoandikwa kwenye breka na unene wa waya unaotoka kwake, kwa milimita za mraba. Waya wa 1.5 ni wa taa, breka yake ni ampea 6 au 10. Wa 2.5 unabeba soketi kwa breka ya 20. Utakuta ya 32 pale tu soketi zimezungushwa duara na waya ukarudi kwenye breka ileile. Jiko la umeme linataka wa 6 kwa breka ya 32. Ukikuta breka ya 32 imebeba waya wa 1.5 wa taa, waya ndio umegeuzwa fyuzi, na fyuzi hiyo imelala juu ya mbao za paa.

Rangi nazo. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa fezi, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Za sasa kahawia, bluu, na kijani chenye njano. Ukikuta mifumo yote miwili katika boksi moja, nyumba imeongezwa vyumba. Si kosa, ila muulize nani aliongeza.

## Taa zinafifia ukiwasha jagi

Hapa ndipo jagi la wati 2,000 linapolipia nauli yake. Pima volti kwenye soketi kabla, washa jagi, pima tena soketi ya jirani kwenye njia hiyohiyo. Ikitoka 228 hadi 222, sawa. Ikishuka hadi 200, kuna kiungio kilicholegea au waya mwembamba njiani. Hamia chumba kingine chenye breka yake. Huko kukiwa kuzuri, tatizo ni la njia ile moja. Vyumba vyote vikishuka vilevile, mfuate umeme kurudi nyuma: meni swichi, mita, waya unaotoka nguzoni. Nguzo ya tatu kutoka transfoma iliyobeba mtaa mzima hutaitengeneza wewe. Ni ya TANESCO, na Unguja na Pemba ni ya ZECO. Lakini ni vizuri ujue kabla hujanunua, hasa kama una ndoto ya AC tatu.

Kwenye nyumba ya fezi tatu kuna dalili mbaya zaidi: ukiwasha pasi, taa za chumba kimoja zinafifia na za kingine zinang'aa kupita kiasi. Hiyo ni nyutro inayokatika. Zima meni swichi wakati huohuo. Nyutro ikiachia kabisa, vyumba vingine vinaweza kupata volti zinazokaribia 400, na televisheni hazitasubiri umalize kuzungumza.

## Soketi yenye doa la kahawia

Imeungua. Sababu karibu zote ni skrubu iliyolegea ndani au plagi ya pini mbili iliyolazimishwa kwa kalamu hadi meno ya soketi yakapanuka. Soketi mpya nyeupe peke yake katika ukuta wenye soketi za manjano za miaka 15 ni dalili pia. Fundi wako afungue hiyo kwanza, atazame kama ganda la waya limebadilika rangi.

## Taa imezimwa lakini inawaka kwa mbali

Rudi usiku, zima taa zote, subiri macho yazoee giza. Taa ya LED inayong'aa kama kimulimuli mara nyingi inasema swichi imekata nyutro badala ya fezi. Kwa maana nyingine, holda ina umeme hata ukiwa umezima, na atakayepanda kubadilisha balbu atapigwa akiwa juu ya stuli. Wakati mwingine ni swichi yenye kitaa kidogo cha kuonekana gizani, au nyaya ndefu zilizolala pamoja, na hapo hakuna hatari. Testa ya bisibisi mkononi mwa fundi inatofautisha kwa dakika moja. Kuzigeuza nyaya ni kazi ndogo, ila zikiwa hivyo nyumba nzima ujue aliyefunga wairingi hakuwa fundi.

## LUKU ina mambo yake

Mwombe muuzaji anunue umeme wa elfu tano mbele yako, kisha usome ujumbe wote. Mita ina jina la nani? Namba iliyopo kwenye ujumbe ndiyo iliyopo ukutani? Makato ya kawaida ni VAT, REA (umeme wa vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Zaidi ya hayo kuna kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida sasa ni Sh 1,500 kwa mwezi, na ghorofa hulipa zaidi. Nyumba iliyokaa miezi minane bila kununua umeme imelimbikiza Sh 12,000, na elfu tano yote itamezwa bila kuona yuniti. Madeni mengine ya mita nayo hukatwa kwa mtindo huohuo. Afadhali yamezwe ya muuzaji.

Mita ikikataa tokeni kabisa, uliza nyumba imefungwa tangu lini. Tarehe 24 Novemba 2024 mita zote za malipo ya kabla zilihitaji kuwa zimeboreshwa. Ile iliyolala kabla ya hapo itataka makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kuiboresha, la tatu ndilo umeme wenyewe, yaingizwe kwa mpangilio yalivyokuja. Huu si ubovu. Ila kama dalali alikwambia "mpangaji katoka mwezi uliopita", mita imemuumbua.

Sasa pima kama mita inahesabu. Usoni mwake pameandikwa, kwa mfano, 1000 imp/kWh, yaani kitaa chake hupepesa mara 1,000 kwa kila yuniti moja. Zima vyote, washa jagi la wati 2,000 peke yake. Kitaa kinapaswa kupepesa kama mara 33 kwa dakika. Kikipepesa mara tano, umeme mwingine unapita pembeni ya mita. Kama mita iko juu ya nguzo na ndani kuna rimoti tu, soma yuniti, acha jagi lifanye kazi dakika tatu, soma tena. Ziwe zimepungua 0.1 hivi.

Umeme wa wizi hauhami na muuzaji. Mkaguzi akija atakukuta wewe, funguo mkononi. Mwambie muuzaji aliweke sawa na TANESCO kabla ya malipo, kwa jina lake, na asiletewe kishoka (fundi wa mitaani asiye rasmi) wa kurudisha nyaya kimyakimya Jumapili.

Kuna kinyume chake: yuniti zinaisha na hakuna kinachowaka. Zima meni swichi. Kitaa cha mita kikiendelea kupepesa, kuna mtu amejiunga kati ya mita na meni swichi, jirani au banda la uani. Kikisimama, kisha kikaanza tena ukiwasha meni huku kila kifaa kimechomolewa, umeme unavuja ukutani au kuna mzigo uliosahaulika: pampu, hita ya darini, uzio wa umeme.

## Bafuni na darini

Hita ya bafuni ya papo kwa papo ya wati 5,000 inavuta ampea 22 hivi. Inataka waya wake wa 4 na breka yake, isichume kutoka soketi ya chumbani. Bomba likitekenya ukiwa na povu mwilini, toka, na mtu azime meni swichi. Maji ya kisima yenye chumvi, ya Mombasa au Kigamboni, hupitisha umeme vizuri kuliko ya bomba, kwa hiyo hita iliyokuwa salama mahali pengine huko si salama bila ethi na RCD.

Darini panda, au mpandishe fundi. Panya hula ganda la waya, viungio hufungwa kwa mfuko wa nailoni, na waya unaotoka nguzoni ukikwaruzana na bati kwa miaka huweza kulitia bati zima umeme siku ya mvua. Ukiwa huko juu tazama pia nje: nyaya kubwa zinazopita juu ya uwanja zinaweza kumaanisha nyumba imo ndani ya mkuza wa umeme, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya nyaya hizo. Ulizia ofisi ya TANESCO ya wilaya kabla hujalizungumzia hilo na dalali.

## Kwenye mkataba

Taarifa ya fundi iwe ya maandishi, yenye jina lake, namba ya leseni na vipimo vyenyewe: omu za ethi, megaomu za kila njia, RCD imekata kwa muda gani. "Umeme uko poa" si kipimo. Mwambie mwanasheria aingize kwamba sehemu ya malipo inabaki mpaka yaliyoandikwa yarekebishwe, na kwamba muuzaji atashiriki kubadilisha jina la mita. Muuzaji akikataa fundi wako asiingie kabisa, mimi hushusha bei niliyoiwaza kwa gharama ya wairingi nzima, pamoja na kuchimba kuta na kupaka rangi upya, na nalisema hivyo mbele yake.

Na kama wewe ndiye muuzaji, hela uliyotaka kununulia vifuniko vipya vya soketi, nunua RCD na ethi rodi mbili. Fundi wa mnunuzi vifuniko atavifungua tu.